Mwenye Akaunti Ana Miaka Mitatu

Jumatatu, 4 Machi

Mwezeshaji wa semina alimpa kila mwalimu daftari moja, akatuagiza tuandike shajara ya muhula: jinsi tunavyotumia teknolojia na zana za bure za mtandaoni darasani, kipi kimefaulu, kipi kimekwama. Nilimuuliza kwa nini shajara ya teknolojia iandikwe kwa kalamu. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka.

Basi hii hapa. Nafundisha jiografia darasa la mwisho, wanafunzi arobaini na mmoja. Mradi wao ni kupima mvua ya siku sitini mfululizo na kuieleza. Ambaye mradi wake haukupita hapewi kiti cha mtihani wa mwisho, na hilo nimewaimbia mpaka wamelichoka.

Tumeletewa vishikwambi vinane vilivyokwisha kutumika na watu wengine. Kimoja kina picha ya mbwa kwenye kioo na hakuna anayejua kuiondoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipata tovuti niliyokuwa naitafuta. Unaingiza namba kwenye jedwali, yenyewe inachora grafu, na ni bure kabisa ukiwa na akaunti moja. Tumeifungua darasani, sote tumeinamia kishikwambi chenye mbwa. Ikauliza jina, wakasema iitwe Darasa la Mvua. Ikauliza tarehe ya kuzaliwa.

"Weka yako, mwalimu," akasema mmoja wa nyuma.

"Umri wangu si tangazo."

"Kwani akaunti ni ya mwalimu?" akauliza Tone. "Si ni ya darasa? Darasa nalo lina siku yake."

Tone ni binti wa fundi cherehani mwenye chumba nyuma ya uwanja wetu. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu kwenye maabara humimina tone moja moja mpaka kengele inalia na yeye bado anahesabu. Tukaweka Julai mosi ya mwaka walioingia shule hii. Tovuti ikakubali bila kinyongo. Nenosiri nimeliandika ubaoni kwa herufi kubwa na nimekataza mtu yeyote kulifuta.

Ijumaa, 8 Machi

Karani wa shule amesoma kipimamvua cha uwanjani kila siku saa moja asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Huandika kwa penseli kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu. Leo nimemwomba ufunguo wa uzio unaokizunguka ili wanafunzi wasome kwa zamu. Amenipa, kisha akauliza kama yeye aendelee kuandika.

"Pumzika, mzee," nikamwambia. "Ya nini kazi moja ifanywe mara mbili?"

Alinifungulia buku. Kuna nafasi chache zilizo wazi na kila moja anaikumbuka: siku hii alilazwa, siku hii alimzika mkewe. Nikamuuliza kwa nini hakujaza kesho yake, au hakumwomba mtu amkisie.

"Usichosoma siku yake unaacha wazi," alisema. "Ukishaanza kujaza, mwenyewe hutajua uliyosoma ni ipi na uliyojaza ni ipi."

Tone alikuwa mlangoni akingoja ufunguo, akawa anasikiliza kuliko mimi. Mimi niliitikia kwa kichwa kwa adabu, na moyoni nikamhurumia mzee wa watu kwa mambo yake ya kale.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza. Milimita 4. Grafu ina nguzo moja, fupi, ya buluu. Wameipigia makofi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimewakataza kuandika mvua kwenye madaftari. Nimewaambia watu wazima wa kesho hawatembei na karatasi. Tone anaandika namba kiganjani pale kwenye uzio, anakuja darasani, anaingiza kwenye jedwali, kisha anakwenda kunawa. Nikamwambia kiganja si daftari. "Ndiyo maana naosha, mwalimu," akajibu.

Alhamisi, 21 Machi

Milimita 31.5. Mvua ya kutisha. Nusu ya darasa haikufika na waliofika walifika saa nne wameloa chapachapa. Jedwali lilikuwa limekwisha jazwa tangu saa moja na dakika kumi. Nilimkuta Tone kwenye kona ya darasa anakamua sketi.

"Zamu ilikuwa yako?"

"Hapana. Nilipita tu."

Nimeangalia orodha ya zamu. Wiki hii amepita tu mara nne, Jumapili ikiwemo.

Jumatatu, 25 Machi

Mkuu wa shule ameleta wageni waone darasa la kisasa. Wamepiga picha tukiwa tumezunguka vishikwambi. Mimi niko katikati, nimetabasamu mpaka gego linaonekana.

Jumatano, 3 Aprili

Milimita 9. Nilipofungua akaunti kulikuwa na ujumbe: wanakagua umri wa watumiaji wote, nithibitishe wangu. Vitufe viwili, "Sasa" na "Baadaye". Wanafunzi walikuwa wanangoja. Nimebonyeza "Baadaye".

Jumanne, 9 Aprili

Tone ana wasiwasi na namba ya leo, anadhani chombo kiliinama kidogo. Nimemwambia asijitie wazimu kwa nusu milimita.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Mahudhurio mabaya. Koo linauma.

Jumatatu, 29 Aprili

Karani amepita darasani akasimama kwenye dirisha akiangalia grafu. Nikamkaribisha ndani kwa mbwembwe, nikamwonyesha jinsi nguzo zinavyopanda na kushuka. Alisema ni nzuri. Kisha akauliza iko wapi.

"Iko mtandaoni, mzee."

"Nakuuliza mahali."

Watoto walicheka na mimi nikacheka nao.

Ijumaa, 10 Mei

Nieleze taratibu.

Leo ilikuwa siku ya sitini. Tulipanga kuingiza namba ya mwisho, kisha nipeleke kila kitu kwa mwenye printa, kila mwanafunzi apate jedwali lake aandike maelezo. Tone aliingia na kiganja chake, akafungua. Hakuna jedwali. Kuna ukurasa mweupe wenye maandishi machache, nayanakili yote: "Kwa mujibu wa taarifa zako, una umri wa miaka mitatu. Huduma hii hairuhusiwi kwa watoto. Akaunti yako imefungwa. Ujumbe huu umetumwa na mtambo, tafadhali usijibu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi pia. Tulicheka labda dakika nzima, kuna aliyesema tuliletee darasa nepi. Kisha kijana mmoja wa mbele akajaribu kwenye kishikwambi kingine, ukurasa uleule. Cha tatu, uleule. Kicheko kikaisha kwa mafungu, wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho.

Tone hakucheka tangu mwanzo. Alikuwa bado amekunja kiganja asiifute ile namba.

"Mwalimu, hii niiandike wapi?"

Nikampa karatasi. Milimita 2. Ndiyo namba pekee tuliyo nayo.

Nimekwenda kwa karani mbio. Buku lake jekundu liko pale pale rafuni. Kurasa nne zimepigwa mistari kwa rula, tarehe zote ziko, na hakuna kitu ndani. Alikuwa amezitayarisha kabla sijamwambia apumzike. Hakunilaumu hata kwa jicho, na ningefurahi angenilaumu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimetuma kitambulisho changu kuthibitisha umri. Jibu limekuja baada ya dakika mbili: jina halilingani na la mmiliki. Mmiliki ni Darasa la Mvua.

Jumatano, 15 Mei

Kuna fomu ya mzazi au mlezi. Nimeijaza. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mama ameniona nimekaa na simu tangu nitoke shule, chai imepoa. Akataka kujua nina nini, nikamweleza yote.

"Huyo aliyewafungia ana jina?"

"Hana, mama. Ni mtambo."

"Sasa unamwomba nani?"

Nikamjibu kwa ukali usiomstahili. Akachukua kikombe changu akaenda kuipasha moto ile chai.

Ijumaa, 17 Mei

"Ombi lako limepokelewa. Litashughulikiwa ndani ya siku thelathini za kazi." Miradi inakusanywa tarehe 31 mwezi huu.

Jumatatu, 20 Mei

Mkuu ameniita ofisini. Nilitegemea atanifokea, lakini alikuwa mpole kuliko siku zote. Alisema wanafunzi arobaini na mmoja hawawezi kukosa kiti kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa.

"Kaeni mkumbuke pamoja," akasema. "Mvua ni mvua, mwalimu. Mkaguzi wa miradi hakuwepo."

"Yaani tutunge."

"Nimesema mkumbuke. Hilo neno lako sijalisikia."

Nimeona niliandike hapa, maana hakuna pengine pa kuliandika.

Jumanne, 21 Mei

Leo tumetunga mvua.

Nilichora jedwali ubaoni, mistari sitini, nikashika chaki. Mwanzoni walikuwa wazito. Kisha mmoja akakumbuka mechi iliyoahirishwa, tukaweka 10. Mwingine akasema siku ya pili yake palikuwa na tope, tukaweka 6. Baada ya nusu saa ilikuwa kama mnada, mtu anataja, mwingine anapunguza. Ilipofika tarehe 21 Machi wengi walisema ilikuwa mvua kubwa sana. Mmoja akaonya tukiweka namba kubwa mno mkaguzi atashtuka. Tukakubaliana 12. Mimi ndiye niliyeiandika.

Tone hakutaja namba hata moja. Mstari wa sitini ulipojaa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nina siku kumi na moja nilizo na hakika nazo. Nyingine niziache wazi?"

"Ukiziacha wazi mradi hautapita."

"Nikizijaza utakuwa mradi wa nini?"

Mmoja akamwambia asijifanye mtakatifu, wote wako chombo kimoja. Nilimwambia aliyesema hivyo anyamaze. Nilifuta chaki mikononi na kuwaambia wanakili.

Nyumbani nimefungua shajara hii. Tarehe 12 Machi, 4. Tarehe 21 Machi, 31.5. Tarehe 3 Aprili, 9. Namba tatu nilizoziandika mwenyewe bila kufikiri, na ubaoni hakuna hata moja iliyokaa sawa. Kesho nitasema.

Jumatano, 22 Mei

Sikusema. Wameshaanza kuchora grafu kwa wino.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda kwa mama yake Tone. Chumba kidogo, cherehani mbili, nguo za watu zimening'inia mpaka kwenye taa. Nilimwomba azungumze na mwanawe, nikamweleza kwamba bila mradi hakuna kiti, na bila kiti miaka yote hii ni kazi bure.

"Nimemwambia," alisema, pini ziko mdomoni. "Nimelia naye. Ananiuliza mbona nguo ya mteja ikipungua sentimita moja mimi naifumua yote. Sina la kumjibu. Wewe mwalimu wake unalo?"

Nilisema nitalifikiria. Niliondoka bila kunywa hata maji.

Ijumaa, 31 Mei

Miradi arobaini na moja imekusanywa. Arobaini ni mapacha.

Jumatano, 5 Juni

Mkaguzi amekuja. Ni mtu wa makamo, mwenye haraka, kalamu mbili mfukoni. Amekaa chumba cha walimu, rundo upande wa kushoto, na kila akimaliza mmoja anauhamishia kulia. Alisifu grafu. Alisema ni nadra kuona darasa zima limepima kwa makini namna hii. Mkuu aliyekuwa amekaa pembeni akashukuru kwa niaba ya shule.

Kisha akafika kwa Tone. Akaugeuza juu chini, akaagiza mwanafunzi mwenyewe aitwe. Tone akaja na kusimama mbele ya meza.

"Siku kumi na moja tu. Kwingine umeandika 'sina hakika'. Kwa nini?"

"Kwa sababu sina hakika."

"Na hizi kumi na moja una hakika nazo?"

"Ndiyo."

"Tarehe 21 Machi wenzako arobaini wameandika 12. Wewe umeandika 31.5. Umeitoa wapi?"

"Nilisoma."

"Wenzako hawakusoma?"

Hapo alikuwa na nafasi. Angesema neno moja tu, darasa zima lingekwenda na maji na mimi pia. Aliangalia kiganja chake na kunyamaza. Mkaguzi akahesabu kwa kalamu: kati ya siku kumi na moja, tisa hazilingani na za wenzake. Akavua miwani.

"Binti, kuacha kazi bila kumaliza ni uvivu. Kubuni namba ni udanganyifu." Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesimamia. Zipi sahihi?"

Mkoba wangu ulikuwa miguuni. Shajara hii ilikuwa ndani yake, na namba ya 31.5 imo kwa mwandiko wangu. Nilimwona Mkuu anavyoniangalia. Nikawafikiria wale arobaini, mmoja mmoja, nawajua majina, nawajua na wazazi wao. Nayaandika haya ili nisije siku moja nikajiambia kwamba sikuelewa swali.

Nilisema, "Za wengi."

Tone akaniangalia mara moja. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa kama mtu aliyekuwa na shaka na namba fulani, sasa ameisoma vizuri. Akaaga kwa heshima, akatoka.

Alhamisi, 6 Juni

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Ijumaa, 14 Juni

Matokeo ya miradi yamebandikwa. Arobaini wamepita, wengi kwa alama za juu. Mstari mmoja umeandikwa "Udanganyifu. Hakupangiwa kiti." Mkuu ametoa hotuba kuhusu teknolojia na ubunifu. Wanafunzi walipiga makofi wakiangalia chini.

Tone hakuwepo. Mwenzake wa dawati moja amenirudishia ufunguo wa uzio, uliokuwa bado kwa Tone.

Alhamisi, 20 Juni

"Habari, Darasa la Mvua. Tumepitia ombi lako na kujiridhisha. Akaunti yako imerejeshwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Jedwali lote liko. Siku hamsini na tisa, nguzo za buluu, kama zilivyokuwa. Nimeweka mradi wa Tone pembeni, na ile karatasi ya siku ya sitini, nikalinganisha. Siku zake kumi na moja ni sahihi zote, mpaka nukta.

Nimempelekea Mkuu. Amefunga mlango kwanza.

"Ukilipeleka hili kwa baraza la mitihani, wanafutwa arobaini. Na yule mmoja hawatamrudisha, muda umepita. Utakuwa umeokoa nani?"

Nilizima kishikwambi nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 22 Juni

Nimelichapisha jedwali na kumpelekea Tone. Amekaa kwenye cherehani ya pili, anapinda pindo la sare za shule nyingine. Mama yake alinipa kiti na akaendelea na kazi yake.

Tone alipokea karatasi, akapitisha kidole taratibu mpaka Aprili.

"Tarehe 9 ilikuwa 22.5," akasema. "Hii niliiacha wazi. Nilidhani chombo kiliinama."

"Ulikuwa sahihi. Zote ulikuwa sahihi."

"Nilijua, mwalimu."

Nikamwambia naomba anisamehe. Alikunja karatasi mara mbili, vizuri, akanirudishia.

"Sina pa kuiweka," akasema. "Hapa vitu vinachafuka mafuta ya cherehani."

Kisha akakanyaga pedali, na kwa ile kelele nisingeweza kusema zaidi.

Jumatatu, 24 Juni

Nikaona nifanye angalau jambo moja. Nikaenda kwa karani na karatasi na penseli iliyochongwa, nikamwomba nijaze zile kurasa nne. Namba ni za kweli, nikamwambia, zilisomwa saa moja asubuhi, na aliyesoma namjua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya buku.

"Hapa hazikuandikwa siku yake."

"Lakini mzee, ni za kweli."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuzichanganya."

Akalirudisha buku rafuni. Kurasa zitabaki hivyo, na mtu akija kuuliza miaka ijayo, atamwambia. Sikuuliza atamwambia nini.

Jumatatu, 1 Julai

Kiangazi kimeanza. Uwanja umekauka na nyasi kwenye uzio zimekuwa njano. Mwezeshaji wa semina hajaja kuchukua shajara, na nimesikia mradi wao umekwisha.

Nimefungua akaunti asubuhi ili niifute. Kabla ya kitu chochote kioo kimejaa maputo ya rangi, na wimbo mdogo ukalia darasani pasipo mtu: "Hongera, Darasa la Mvua. Leo umetimiza miaka minne."

Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Asante". Nimekibonyeza.